Kura Tano Nje ya Mlango

Siku ya kuniaga mlinipa thamosi, blanketi na saa ya ukutani. Saa, kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi. Haya, asanteni, inaning'inia pale sebuleni na inanisuta kila asubuhi. Chebet ukasema, "Mama Rael, sema neno," nikasema maneno mawili matatu nikaketi, kwa sababu Karani wa Bunge la kaunti alikuwa anaangalia sufuria ya pilau kuliko alivyokuwa ananiangalia mimi. Yaliyobaki ndiyo haya.

Nawaandikia nyinyi wa mlangoni: wewe Chebet uliyerithi glavu zangu nyeupe, na wengine watakaokuja kusimama hapo baada yako. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala mshahara ulikuwa ngapi. Cheo changu cha kwanza na cha mwisho vyote vilikuwa kusimama. Waheshimiwa nao nitawaita kwa mavazi yao tu, maana walio hai wana mawakili na waliokufa wana wajukuu.

Mimi nilianza kama askari wa kanjo hapa hapa Eldoret, enzi za baraza la manispaa. Siku ya kwanza nilipewa kofia ngumu iliyonifunika masikio, nikapewa rungu, nikaambiwa twende tukawafukuze akina mama wauza mboga waliozoea kuketi kando ya barabara. Nikaenda na kiherehere cha mtu aliyepata kazi juzi. Mama wa kwanza kumfikia alikuwa ameinama juu ya gunia la maparachichi, na alipoinua uso nikaona ni shangazi yangu kutoka mji mdogo wa Ziwa. Akaniangalia kuanzia kofia mpaka buti.

"Rael," akasema, "unanikamata ama unanibebea?"

Nikambebea. Nilibeba gunia lile mpaka kwenye gari lake la kurudi Ziwa huku rungu nimelibana kwapani, na mkubwa wangu akiniona. Hakunifuta. Alisema, "Huyu hafai barabarani. Mpelekeni kwa Barasa." Hivyo ndivyo nilivyofika mlangoni, kwa kushindwa kazi nyingine, na sijawahi kujuta kushindwa ile.

Mzee Barasa alikuwa mlinzi wa ukumbi wa baraza, mahali madiwani walipokutania. Alikuja kutoka upande wa Bungoma akiwa kijana, akafagia, akabeba mafaili, akaishia kushika kengele na ufunguo wa ukumbi. Mtu mfupi, shati limepigwa pasi mpaka linakaa wima lenyewe. Wiki ya kwanza hakunipa kazi yoyote ila kusimama. Nikimuuliza nifanye nini, anasema, "Simama." Siku ya nne hivi nikamwambia miguu inauma. Akasema, "Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hayo mengine ni nyongeza."

Nyongeza ndizo nilizokuja kuzitumia maisha yangu yote. Alinifundisha kwamba kengele haigongwi kwa hasira, kwa sababu mtu akisikia hasira anachelewa makusudi. Alinifundisha kumtoa mheshimiwa ukumbini bila kumgusa: unasimama karibu naye, karibu sana, huku unaangalia mbele, mpaka aanze kunusa sabuni uliyoogea. Hakuna mwanasiasa anayevumilia hiyo kwa muda mrefu. Anainuka mwenyewe, anajifanya alikuwa anaenda chooni.

Na alinifundisha mlango. Hapo ndipo alipokuwa mkali. Kura ikiitwa, kengele inalia kwa muda uliowekwa na kanuni, kila aliye nje anaingia, halafu Spika anasema milango ifungwe. Ukishazungusha ufunguo haufungui mpaka kura ihesabiwe na matokeo yasomwe. Aliye ndani hatoki, aliye nje haingii.

"Hata meya?" nilimuuliza.

"Hata meya. Hata mimi. Hata baba yako akitoka kaburini akasema ana neno."

"Na kama amechelewa kidogo tu, Mzee?"

"Mwanangu, ukimfungulia aliyechelewa kidogo leo, kesho utaambiwa kidogo ni kiasi gani. Asiyekuwepo na lake halipo. Usiulize nani yuko nje. Ukiuliza, umeshakuwa mwanasiasa, na sisi hatukuajiriwa siasa."

Mkewe, Mama Agneta, ndiye aliyenilisha miaka ile. Walikuwa wamepanga chumba huku mtaa wa West Indies, si mbali na ninapokaa sasa, na mimi nilikuwa msichana wa kupanga peke yangu asiyejua kupika chochote kisichotoka kwenye pakiti. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nakula kwao. Mama Agneta alikuwa na sheria moja tu nyumbani kwake: hakuna mtu anayeingia akatoka na njaa. Mtu wa kusoma mita ya umeme alikula. Dalali aliyekuja kudai kodi alikula, akapewa na ya kubeba. Mzee Barasa alikuwa akisema kwamba ukitaka kumtoa mgeni kwa huyu mama inabidi umwombe kibali kwa maandishi. Na ukikataa kula kwake, umemtukania ukoo mzima mpaka ng'ombe.

Ugatuzi ulipokuja, baraza likavunjwa, likaja bunge la kaunti, na sisi wa kanjo tukahamishiwa huko pamoja na viti. Ukumbi ukapata zulia, maiki na kengele ya kubonyeza. Mimi nikaitwa serjenti. Mzee Barasa alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na muda huo aliutumia kuniandama. Alitazama ile kengele ya kubonyeza kama mtu anayetazama mkwe asiyemtaka. "Hii haina mkono," alisema. "Utajuaje kama anayeigonga amekasirika?" Kisha akastaafu, akaenda Moi's Bridge kwa kijishamba alichonunua polepole, akalima mahindi na kufuga ng'ombe wawili. Nilimpigia simu kila nilipokwama.

Nilikwama mara nyingi. Wengine wenu mmesikia habari ya siwa, lakini mmesikia imetiwa chumvi, kwa hiyo niseme ilivyokuwa. Siwa ni lile rungu la Bunge. Lisipokuwa mezani, kikao si kikao. Alasiri moja kulikuwa na vurugu ya kumng'oa kiongozi fulani, na nikaona mheshimiwa mmoja wa suti ya kijivu anasogea mezani kiti kwa kiti, macho kwenye siwa. Nikaichukua kabla yake, nikatoka nayo kwa mlango wa nyuma mpaka jikoni, na mpishi wetu akaifukia chini ya magunia ya unga wa mandazi. Waheshimiwa wakapigana ukumbini kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo. Walipochoka, Spika akaniuliza siwa iko wapi.

"Iko salama, Mheshimiwa Spika," nikasema, "ila ina unga."

Jioni nilimpigia Mzee Barasa. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akauliza kama nilikuwa nimevaa glavu, maana siwa haishikwi kwa mkono mtupu. Nilikuwa nimesahau. Akaacha kucheka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae chini kuandika, maana hayo mengine mngeyapata kwa mpishi.

Ulikuja mswada wa mafao ya uzeeni ya wafanyikazi wa zamani wa kanjo. Sehemu kubwa yake ilikuwa mambo ya kawaida: nani asimamie mfuko, ukaguliwe lini. Lakini ndani yake kulikuwa na kifungu tulichokiita kifungu cha wajane. Kwa utaratibu wa zamani, mstaafu akifa, mjane wake aliendelea kupata nusu ya pensheni kila mwezi mpaka naye afe. Kifungu kipya kilisema atapata kwa miaka mitano, basi. Na kiliwagusa wote, hata wajane wa zamani. Hesabu ya miaka mitano ingeanza siku sheria itakapoanza.

Aliyeuleta mswada nitamwita Mheshimiwa wa Miwani. Sitamfanya shetani, kwa maana hakuwa. Alisema mfuko unavuja, na kwamba tukiendelea hivyo vijana wanaofanya kazi leo watafika uzeeni wakute mfuko mtupu. Alizungumza taratibu, na karatasi zake zilikuwa zimenyooka. Ukimsikiliza peke yake ungeona ana haki. Shida ni kwamba mimi sikuwa namsikiliza peke yake. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni namfikiria mama mmoja Moi's Bridge ambaye mumewe alikuwa amelazwa.

Aliyempinga nitamwita Mheshimiwa wa Kofia, kwa ajili ya ile kofia yake pana ya ngozi niliyomwambia avue kila kikao kwa muhula mzima. Kila kikao. "Mheshimiwa, kofia." "Oh, pole Mama Rael." Kesho yake tena. Lakini alikuwa na moyo. Mama yake mzazi alikuwa mjane wa mfagiaji wa kanjo, na kifungu kile alikichukia kama jambo la nyumbani kwake. Alizunguka kwa wenzake, mmoja mmoja, chumba cha chai, maegesho, kanisani. Kabla ya wiki ya kura, sisi wa mlangoni ambao tunaona nani anakaa na nani tulikuwa tumeshajua: kifungu kinaanguka. Si kwa kura nyingi, lakini kinaanguka.

Wiki hiyo hiyo Mzee Barasa akafa.

Nilijua anaumwa, na bado nilishangaa, kwa sababu nilikuwa nimezoea kumdhani ni mtu wa kusimama. Mazishi yakapangwa Alhamisi. Watu walilalamika, mbona si Jumamosi kama watu wengine, lakini bili ya mochari inapanda kila siku na familia haikuwa na nguvu ya kungoja. Na Alhamisi alasiri ndiyo siku mswada uliwekwa mezani upigiwe kura. Mheshimiwa wa Miwani alijua kwamba kuna mazishi. Alituma mchango na salamu zake za rambirambi. Sisemi alipanga. Nasema alijua.

Niliomba ruhusa niende kumzika. Karani alinihurumia kweli, hata alinifungia mlango wa ofisi yake ili nilie kidogo, lakini serjenti mwenzangu alikuwa amevunjika mguu na hapakuwa na mtu mwingine wa mlango. "Mama Rael," akasema, "wewe unajua angekuambia nini." Nilijua. Ndiyo sababu nililia.

Asubuhi ya Alhamisi, Mheshimiwa wa Kofia na wenzake wanne waliokuwa upande wake walipita pale mlangoni kuniaga. Watano wote. Walikuwa wanakwenda kumzika Barasa, kwanza kwa heshima, na pili kwa sababu mazishi ya mzee wa kanjo ndipo wajane wa kanjo wangekuwa wamejaa.

Nilimwambia, "Mheshimiwa, kura ni alasiri."

"Tunaenda tunarudi. Tunasalimia watu, tunatoka kabla ya kaburi. Saa nane tuko hapa."

"Mheshimiwa, hakuna mwanasiasa ambaye ametoka matangani kabla ya kupewa maiki."

Akacheka. Akaniwekea mkono begani. "Mama Rael, wewe fikiria mlango wako."

Yaliyotokea Moi's Bridge sikuyaona, niliambiwa na dereva wao, naye ni mtu asiyejua kupamba. Ibada ilianza kwa kuchelewa. Emsii akawa anaita wasemaji kwa ngazi: jirani, kanisa, mashemeji, walimu, chifu, wazee wa kanjo, na wanasiasa mwisho, kama inavyojulikana. Dereva akamkumbusha Mheshimiwa wa Kofia saa. Akasema, "Nitaondokaje bila kusema neno kwa mjane? Watu watasema nini?" Kila mmoja wa wale watano akawaza hivyo hivyo. Angetoka mmoja, angeonekana amemdharau marehemu, na hao waombolezaji ndio wapigakura wake.

Akapewa maiki mwishowe. Dereva anasema hajawahi kumsikia akizungumza vile. Alimgeukia Mama Agneta akasema, "Mama, mimi ni mtoto wa mjane wa kanjo. Nikiwa hai, hakuna mtu atagusa pensheni yako." Watu wakapiga makofi mpaka turubai likatikisika. Wajane wakasimama. Kisha wanne wale wengine nao wakapewa maiki, na kila mmoja akaahidi vilevile, kwa urefu wake.

Hata hapo, dereva anasema, muda ulikuwa bado upo, mwembamba lakini upo. Walikuwa wanaelekea magarini. Ndipo Mama Agneta akainuka pale alipokuwa ameketi karibu na jeneza, akatembea na kitambaa chake cheusi mpaka mdomo wa hema, akasimama katikati ya njia.

"Waheshimiwa, mnaenda wapi?"

"Mama, kazi inatuita. Kura."

"Hakuna mtu ambaye ametoka kwa Barasa na njaa. Hata siku ya kumzika? Kuleni kidogo. Kidogo tu."

Ungemjibu nini mjane siku hiyo? Mimi ningejibu nini? Wakaketi. Ugali ukaletwa na kuku, na dereva anasema ugali ulikuwa wa moto sana, wakawa wanaupuliza huku wanaangalia saa. Walipofika barabara kuu ya Kitale wakakuta malori ya mahindi yamejipanga, ni msimu wa mavuno, na hakuna ving'ora vinavyosogeza lori lililojaa mahindi.

Huku kwetu mjadala ulikwisha mapema. Spika akauliza: wanaoafiki kifungu waseme ndiyo. Wakasema. Wanaokataa waseme la. Wakasema, kwa sauti nyembamba. Upande wa kukataa wakasimama kudai kura ya majina, ile ambayo Karani humwita kila mtu kwa jina na kila mtu anajibu mwenyewe. Walikuwa wananunua muda, kila mtu alielewa. Mmoja wao akaomba Bunge lingoje kidogo, wenzetu wako mazishini. Mheshimiwa wa Miwani akasimama, akafuta miwani yake.

"Mheshimiwa Spika, nawapa pole wenzetu. Lakini Kanuni za Kudumu hazina kiti cha waliokwenda matangani."

Spika aliangalia kanuni, akaangalia dari, akasema kengele ipigwe.

Nilibonyeza mwenyewe. Inalia vibaya kengele ile, haina mkono, Mzee Barasa alisema kweli. Inapolia kazi yangu ni kusimama ukumbi wa nje nikiwaita watu waingie, kwa hiyo nilisimama huko nikitazama geti. Niliwaza habari za kaburi. Niliwaza, sasa hivi wanatupa udongo, na mimi niko hapa na ufunguo wake. Kwa maana ufunguo ulikuwa ule ule wa zamani. Walipohamisha viti walihamisha na milango ile mizito ya baraza, si mnaijua.

Kengele ikanyamaza. Geti lilikuwa tupu. Spika akasema, "Serjenti, funga milango."

Nikaingia. Nikafunga. Sikuvuta miguu, na nataka mnielewe hapa, kwa maana wako watu wameniuliza hadi leo mbona sikujifanya ufunguo umekwama. Umri wangu, glavu, mlango wa zamani, nani angejua? Barasa angejua. Nilizungusha kama alivyonifundisha, mara moja, bila kuangalia nje.

Nilikuwa bado nimeshika ufunguo niliposikia magari. Halafu viatu vinakimbia kwenye vigae. Mlango wetu una kile kidirisha cha kioo usawa wa uso, na usoni pangu wakatokea watano wote, wanahema, mmoja bado ana kitambaa cha mikono cha matangani. Mheshimiwa wa Kofia alikuwa mbele kabisa. Akaniangalia. Midomo yake ikasema, "Mama Rael." Sikusikia sauti, kioo ni kinene, lakini niliona.

Nikatikisa kichwa.

Hakugonga. Kwa hilo nitamsifu mpaka kufa kwangu, hakugonga mlango. Alivua kofia yake, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akabaki amesimama pale. Ndiyo mara pekee aliivua bila mimi kumwambia. Nyuma yangu Karani alikuwa anaita majina, na kila aliloliita la hawa watano likajibiwa na kimya.

Kifungu kikapita kwa kura tatu. Ndani tatu, nje tano. Mnaijua hesabu hiyo wenyewe, haihitaji mwalimu.

Mheshimiwa wa Kofia hakurudi Bungeni muhula uliofuata. Wajane walikumbuka ahadi, na yeye hakutaka kujitetea kwamba alikuwa anakula kwao. Nilikutana naye mara moja sokoni Ziwa, anauza ng'ombe. Akasema, "Mama Rael, ulifanya kazi yako." Nikasema, "Na wewe ulifanya yako, mheshimiwa, ila mahali pabaya." Alikuwa kichwa wazi.

Na mimi niliendelea kufungua na kufunga. Watu hufikiri majuto ni ya mtu aliyekosea. Si kweli. Nimeupitia mchana ule, kila hatua, na sioni mahali nilipokosea, na bado inaniuma. Ningekuwa nimekosea ningetubu nikapumzika. Sasa nitatubu nini? Nilimheshimu mwalimu wangu kwa kumfungia mkewe mlango. Kanuni ilikuwa nzuri, mlango ulikuwa mzuri, watu wa Moi's Bridge walikuwa wema, chakula kilikuwa kizuri. Mama Agneta ndiye aliyelipa.

Miaka mitano ilikwisha mwezi ule ule niliostaafu. Sikuwaambia hilo kwenye pilau.

Wiki mbili baadaye mtu akabisha mlango wangu hapa West Indies. Alikuwa Mama Agneta, amebeba maboga mawili na kuku amefungwa miguu. Amezeeka sasa, anatembea kwa kuegemea ukuta. Simu yake ilikuwa haijalia mwezi ule, ule ujumbe wa benki kwamba pensheni imeingia, akaja mjini ofisini kuuliza, kijana mmoja wa pale akamwambia kwa adabu, "Shosho, imeisha." Wanawe wanajikaza, lakini nao wana watoto. Ng'ombe mmoja alishauzwa. Nikamkaribisha, nikaweka chai, nikapika, na safari hii mimi ndiye niliyemwambia hatoki na njaa.

Hakula. Alikuwa anazungusha kikombe.

"Rael," akasema. "Nimekuja kukuuliza kitu. Nimekibeba siku mingi."

"Uliza, Mama."

"Wale waheshimiwa. Siku ya Mzee. Ni mimi nilisimama kwa njia nikawaambia wakule. Walikuwa wanataka kuenda. Mimi nikawakataza." Akaweka kikombe chini. "Wewe ndiye ulikuwa kwa mlango. Niambie ukweli ya Mungu. Kama singewashika, wangefika?"

Miaka yangu yote ya kazi niliulizwa maswali na watu wakubwa na sikuwahi kumdanganya mmoja. Spika akiuliza siwa iko wapi, namwambia iko wapi. Nilimwangalia yule mama aliyenilisha nikiwa sijui kuchemsha maji.

"Wangefika, Mama," nikasema, "lakini ingekuwa bure. Wale wengine walikuwa wengi sana. Hata wangekuwa wamelala hapo mlangoni tangu asubuhi, tungeshindwa."

"Kwa nyingi?"

"Kwa nyingi sana."

Kisha akashusha pumzi, mabega yakashuka nayo, akavuta sahani karibu. "Basi angalau walikula," akasema. Akala yote, akapangusa sahani kwa kipande cha mwisho cha ugali, akaniuliza mbona mboga haina chumvi.

Chebet, ufunguo nimekuachia. Mlango ule unakwama kidogo wakati wa mvua, uusukume kwa bega kabla ya kuzungusha. Glavu zifue kwa mkono. Usimfungulie mtu. Na kuna jambo moja ninalokuomba ambalo haliko kwenye kanuni yoyote. Mama Agneta anapanga kuja hapo Bungeni na wajane wenzake kuomba sheria ile ifunguliwe tena, na najua tabia yake, atasimama mlangoni aongee na yeyote aliyevaa glavu. Atakupa boga. Lipokee. Na akikuuliza juu ya kura ile, mwambie kifungu kilipita kwa kura nyingi sana.